Mabuti ya Bi Firigisi

Nyuma ya vibanda vya kuku pale sokoni alikuwapo mama mmoja ambaye jina lake la kuzaliwa watu wengi walikuwa wamelisahau. Walimwita Bi Firigisi. Jina hilo hakulipata kwa sababu alizipenda firigisi, alilipata kwa sababu hakuziiba. Yeyote aliyewahi kukabidhi kuku wake kwa wanyonyoaji wa sokoni anayajua maumivu ninayoyasema: unatoa kuku mzima, unarudishiwa kuku aliyeishi maisha yake yote bila firigisi wala ini, na ukiuliza unaambiwa ndivyo alivyokuja. Kwa Bi Firigisi mambo hayo hayakuwapo. Kila kuku aliondoka na viungo vyake vyote, vimeoshwa, vimefungwa kwenye mfuko mdogo, na mteja mwenye mashaka alikaribishwa afungue aone.

Ilikuwa kazi ya maji ya moto na kisu kifupi. Maji yakichemka mno ngozi inachanika, yakipoa manyoya yanakaidi. Sakafu ilikuwa ya saruji, na mfereji uliopaswa kuondoa uchafu ulikuwa umeziba tangu zama za mwenyekiti wa soko ambaye sasa ni marehemu, Mungu amrehemu yeye na mfereji wake. Kwa hiyo Bi Firigisi alijinunulia mabuti ya mpira, meusi, yanayofika karibu na magoti. Wapo watu wasiojali magari yao kama alivyoyajali mabuti yale. Kuyaacha sokoni hakuthubutu, maana sokoni ukiacha kitu jioni, asubuhi unakikuta miguuni mwa mtu. Kila alipomaliza kazi aliyasugua kwa brashi na sabuni ya unga hadi yakang'aa, halafu akatembea nayo mpaka nyumbani, kichwa juu, kama askari wa gwaride.

Nyumbani alimkuta binti yake. Alikuwa na huyo mmoja tu, na alikuwa amerudi kutoka kwa mume akiwa na begi moja na cherehani.

Mume yule hakuwa mtu wa kupiga. Alikuwa mtu wa kusema, na maneno yake yalipenya kuliko kofi. Duka dogo walilofungua lilipofilisika, alisema ni mkono wa mke wake. Mimba ilipoharibika, alisema neno lile lile. "Wewe kila unachokigusa kinakufa." Alilisema hata mbele ya wageni, kwa kicheko, na wageni nao wakacheka kwa kuwa walikuwa wanakula chakula chake. Mwanamke akisikia jambo hilo mara nyingi huanza kuiangalia mikono yake. Binti alirudi kwao akiwa anaongea kwa sauti ndogo, kama mtu aliye kwenye nyumba yenye mgonjwa. Hata chumvi aliiomba, badala ya kuichukua.

Na yule bwana hakukoma kupiga simu. Rudi, alisema, nimekusamehe. Amemsamehe! Msikieni huyo.

Bi Firigisi hakumhimiza mwanawe kuongea. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mzazi mwenye akili hauchokonoi. Alimwekea chai, akamtandikia kitanda, akangoja. Siku moja binti aliiuza cherehani. Akanunua mabati na wavu, akaajiri fundi wa kumjengea banda nyuma ya jiko, na wiki iliyofuata akaja na maboksi ya vifaranga wa kuku wa nyama, wa manjano, wanaopiga kelele kama wako mnadani.

"Hawa nikiwafikisha sokoni, mama," alisema, "nitakuwa nimefikisha kitu."

"Utawafikisha."

"Wakifa, basi alisema kweli."

Bi Firigisi alitaka kumkemea, akashindwa. Aliliona jambo lilivyosimama: haikuwa biashara ya kuku tena. Mtoto wake alikuwa amewaita vifaranga wale mahakamani, wawaamulie yeye na mume wake.

Binti aliwalea kwa namna ambayo hata watoto wa watu hawalelewi. Alitandaza maranda makavu ya mbao, akaweka jiko la mkaa katikati lililozungushiwa bati wasiungue, akawaoshea vyombo vya maji asubuhi na jioni. Mlangoni aliweka kandambili nyekundu. Daktari wa mifugo alikuwa amemfundisha: viatu vya nje vinaishia nje, anayeingia bandani avae vya bandani.

Jioni ile ya kwanza Bi Firigisi alifika moja kwa moja kutoka sokoni, hata mkoba hakuutua, mabuti yakimeta.

"Mama," alisema binti kwa ile sauti yake ndogo, "kuna kandambili hapo."

"Hizo zitanibana."

"Daktari alisema anayeingia..."

"Daktari huyo ameshika kuku wangapi? Mimi nimeanza kushika kuku wewe hujaota meno. Hebu tazama mabuti haya, nimeyasugua mpaka unaweza kujitazama ukachana nywele."

Binti aliyatazama mabuti, akazitazama kandambili, akampisha mlangoni. Utamwambiaje mama yako mzazi, aliyekupokea ukiwa na begi moja, kwamba viatu vyake ni vichafu? Isitoshe neno "hapana" lilikuwa limemtoka kinywani miaka mingi nyuma, na hakujua alilidondosha wapi. Basi Bi Firigisi akaingia, na tangu siku hiyo akawa anaingia kila jioni.

Vifaranga walimpenda. Walipoona mabuti yale walikimbia wote kwa pamoja wakakanyagana wenyewe kwa wenyewe, wakayazunguka na kuyadonoa: tok, tok, tok. Yeye alisimama wima, akacheka hadi machozi yakamlenga.

"Unaona? Wananijua mimi ni bibi yao."

Na binti naye alitabasamu, jambo ambalo lilikuwa halijaonekana katika nyumba ile tangu arudi. Kwa tabasamu hilo Bi Firigisi angeingia bandani hata kama kungekuwa na chui.

Vifaranga walikua. Manyoya meupe yaliota, vifua vikajaa, na muuza kuku mkubwa pale sokoni, ambaye watu walimwita Mizani kwa sababu alipima hata maneno yake, aliahidi kuwachukua wakifika uzito.

Siku moja Mizani huyo alileta matenga ya kuku kutoka shamba la tajiri mmoja. Walikuwa wamejikunyata, manyoya yamesimama, macho nusu. "Harakisheni hawa," aliwaambia wanyonyoaji, wala hakusema kwa nini. Bi Firigisi alinyonyoa mmoja, akampasua, akasita. Vile vifuko viwili vya mwisho wa utumbo vilikuwa vimevimba kama vidole vilivyobanwa na mlango, na ndani mlikuwa na damu iliyoganda. Akageukia nyama. Kifua kilikuwa kimekonda hadi mfupa unachoma ngozi, nyama imepauka, na ilikuwa ikivuja maji mezani kama nguo isiyokamuliwa. Alimpasua wa pili, na wa tatu. Ni yale yale.

"Mizani, hawa wana ugonjwa wa kuhara damu. Nyama hii ukiipika inabaki mchuzi."

"Wakate vipande uchanganye na wazuri. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe unanyonyoa au unahukumu?"

Walibishana soko zima likasikia. Mizani akavuta tenga kwa hasira, tenga likagonga ndoo ya matumbo, ndoo ikapinduka, na vyote vilivyokuwamo vikamwagikia miguuni mwa Bi Firigisi. Mwishowe Mizani, alipoona wateja wanakusanyika na kunong'ona, aliwarudisha kuku kwenye gari na kwa tajiri wao.

Jioni ile aliyasugua mabuti mara mbili. Alikwenda nyumbani amejaa fahari, na haki alikuwa nayo. Akaingia bandani, akasimama katikati ya kuku, akamsimulia binti yake kisa chote kwa mikono na kwa sauti za watu wote, ya Mizani na ya tenga pia, huku kuku wakimzunguka na kuyadonoa mabuti kama kawaida yao.

Haikupita wiki mbili, binti alimfuata sokoni mwenyewe. Hakuwahi kufanya hivyo. Alisimama kando ya meza, akasubiri mama yake amalize kuku aliyekuwa naye mkononi.

"Mama, njoo uone."

Walikuwa wamejikusanya kwenye kona moja, mchana wa jua kali, kama watu waliopigwa na baridi. Mabawa yalining'inia. Vilemba vilivyokuwa vyekundu vilikuwa vimepauka. Juu ya maranda, hapa na pale, kulikuwa na kinyesi chenye damu. Mmoja alikuwa ameshakufa kando ya chombo cha maji, na Bi Firigisi alimchukua hadi nyuma ya jiko, akampasua juu ya jiwe la kufulia. Hakuhitaji kutazama sana. Alikuwa ameviona vifuko vile kwa kuku wa tajiri.

"Ni kuhara damu," alisema.

Binti hakulia. Aliitazama mikono yake, akaificha ndani ya khanga.

Hapo Bi Firigisi akapandwa na hasira ya mama, ambayo haichagui pa kutua. Alimlaani aliyewauzia vifaranga. Alimlaani muuza chakula cha kuku, mtu aliyekuwa akimkopesha na kumwita dada. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, "yule ndiye aliyetuletea, na tabasamu lake lile." Alikwenda dukani kwake akamwambia maneno ambayo muuza chakula, mtu mpole, aliyapokea kwa mdomo wazi na kijiko cha kuchotea mkononi.

Daktari wa mifugo alikuja, akiwa amechoka, suruali imejaa vumbi la barabarani. Aliwatazama kuku, akatoa dawa ya kuchanganya kwenye maji, akaagiza maranda yote yaliyolowa yatolewe na yawekwe mengine makavu. Binti akaenda mbio kwa maseremala kutafuta maranda. Daktari akabaki ananawa mikono bombani, na Bi Firigisi akamshikia sabuni.

"Nani anaingia humu zaidi ya binti?"

"Mimi tu."

Daktari aliyatazama mabuti. "Na haya unatoka nayo wapi?"

"Sokoni, kwenye kunyonyoa. Lakini nayasugua kwa sabuni kila siku, daktari, kila siku ya Mungu."

Hakumkaripia. Afadhali angemkaripia. Alijifuta mikono kwenye suruali, akasema polepole, "Vimelea hivi mama, mayai yake hayajui sabuni. Hata dawa nyingi za kuoshea hayazijui. Yanataka maji yanayotokota, au kukauka kabisa. Yakikwama kwenye nyufa za soli, yakadondokea kwenye maranda yenye joto na unyevu, siku chache yameiva. Kuku akidonoa, basi." Kisha akamwona uso umembadilika, akaongeza, "Sisemi ni haya. Huenda yalipitia kwingine. Hata ndege huleta."

Akapanda pikipiki akaondoka, na Bi Firigisi akabaki ameshika sabuni.

Huenda yalipitia kwingine. Alilishika neno hilo kama mtu anayeanguka anavyoshika jani. Alisema huenda ni ndege. Alisema huenda ni shamba walikototolewa. Lakini akifumba macho alisikia tok, tok, tok kwenye mpira wa mabuti, na alijiona amesimama pale anacheka, bibi yao. Aliyageuza mabuti akaitazama soli. Mifereji yake ilikuwa imejaa kitu cheusi kilichoshikamana, ambacho brashi yake haikuwahi kukifikia miaka yote hiyo. Akayaficha nyuma ya tangi la maji. Binti alipouliza, alisema yanamchubua. Sokoni akawa anakwenda na viatu vya zamani vinavyoingiza maji, na miguu yake ikalowa kutwa nzima, na aliona inastahili kulowa.

Kusema hakusema. Kila alipotaka kusema, aliona uso wa binti umechoka, akajiambia asimwongezee. Huo ulikuwa uongo, na yeye mwenyewe alijua ni uongo. Aliogopa. Yeye ambaye hakuwahi kupoteza firigisi ya mtu alikuwa amepoteza banda zima la mwanawe.

Dawa ilifanya kazi, lakini karibu nusu yao walikuwa wameshazikwa. Waliobaki walisimama, wakala, wakanywa, ila hawakujaa tena. Kuku wa nyama siku zake za kukua ni chache, na akizikosa hazirudi. Walikula gunia baada ya gunia na vifua vikabaki vile vile. Majirani wakamshauri binti awauze upesi kabla hawajammaliza kwa chakula. Alikataa mpaka siku alizoambiwa na daktari zilipokwisha na dawa ikawa imetoka miilini mwao. "Watu wasile dawa yangu," alisema. Hata katika msiba ule alikuwa mtoto wa mama yake.

Walipowapeleka sokoni, Bi Firigisi aliwanyonyoa mwenyewe. Hakumruhusu mwingine awaguse. Matumbo yalikuwa safi, hilo alishukuru. Lakini nyama ilikuwa nyembamba, imepauka, na haikuwa na ule uzito unaojibu ukiibonyeza kwa kidole. Mizani alikuja, akamwinua mmoja kwa miguu, akamgeuza kwenye mwanga.

"Bi Firigisi, ulinifukuza hapa na kuku wa tajiri. Leo unaniletea ndugu zao?"

"Hawa wamepona. Daktari amewaona."

"Wamepona, sawa. Lakini nyama haijapata habari." Akawachukua kwa bei ya huruma, kisha akamgeukia binti, bila ubaya wowote, kama mtu anayesalimia. "Pole, dada. Wengine mkono hauelekei mifugo. Jaribu kitu kingine."

Binti alisema asante. Bi Firigisi, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu sokoni, aliinamisha macho akaendelea kuosha meza ambayo ilikuwa imeshaoshwa.

Alipofika nyumbani mchana ule alikuta begi limefunguliwa kitandani. Ni lile lile alilokuja nalo. Binti alikuwa anakunja nguo zake taratibu, kwa unadhifu.

"Unakwenda wapi?"

"Nimemwambia nitarudi kesho."

"Kwake?"

"Alisema kweli, mama. Duka, mtoto, sasa kuku. Niliwafanyia kila kitu nilichofundishwa, na bado. Angalau yeye amenizoea." Hayo aliyasema bila uchungu, na hilo ndilo lililomtisha mama yake. Alikuwa ameshaamini. Hukumu ilikuwa imetoka.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Bi Firigisi alikuwa ameshazaa, na sasa alikuwa karibu kumzika mtoto wake akiwa hai kwa ajili ya kuficha soli za viatu. Alitoka nje. Alikwenda nyuma ya tangi la maji, akayachukua mabuti, akarudi nayo, akayalaza kwenye kizingiti cha chumba, soli juu.

"Tazama."

"Nini hiyo?"

"Ndicho kilichoua kuku wako. Si mkono wako. Siku ile tenga lilipomwaga matumbo, nilikuja nayo yakiwa hivi, nikasimama katikati yao nakusimulia. Wakadonoa. Daktari aliniambia siku ile ulipokwenda kutafuta maranda. Nimejua muda wote huu, nikakaa kimya, nikakuacha usimame mbele ya Mizani useme asante." Aligonga soli kwa kidole. "Wewe ulifanya kila kitu sawasawa. Ni mimi. Mkono wako hauna kitu mwanangu. Mguu wangu ndio uliokuwa na kitu."

Binti aliyatazama mabuti. Blauzi aliyokuwa anaikunja ilibaki mikononi, nusu imekunjwa. Bi Firigisi alijiandaa kwa machozi, au kwa ile sauti ndogo aliyoizoea.

"Nilikwambia uvue!"

Ilikuwa sauti kubwa. Mbuzi wa jirani alinyamaza.

"Nilikwambia siku ya kwanza, mama! Nilikwambia! Ukasema zitakubana! Hata mguu hukuingiza! Mimi kandambili zile nilinunua za saizi yako, nilipima na viatu vyako vya kanisani, mimi mwenyewe nilikuwa naingia zikinipwaya kila siku, najikwaa nazo, kwa sababu nilijua utakuja! Nilijua utakuja, ukaja, ukanidharau!"

Alilia sasa, lakini alilia huku anafoka, na blauzi ilikwenda ukutani. Bi Firigisi alisimama akayapokea yote. Aliumia, maana kila neno lilikuwa haki yake. Na chini ya maumivu hayo alikuwa akisikiliza ile sauti, jinsi ilivyokuwa inajaza chumba, na alikumbuka kwamba mtoto huyu zamani alikuwa anaitwa kutoka mtaa wa pili akajibu na mtaa mzima ukasikia.

Simu ililia juu ya kitanda. Wote wawili waliijua ni ya nani. Binti aliichukua, akaiweka sikioni, na hasira ilikuwa haijamshuka bado.

"Siji!" alisema, akakata.

Kisha akapita mbele ya mama yake bila kumtazama, akaenda jikoni. Sufuria kubwa ilisikika ikiburutwa, na maji yakaanza kumiminwa.

"Yalete hayo mabuti," alisema kutoka huko, bado kwa hasira. "Na usiyavae. Yabebe."

Bi Firigisi aliyabeba, akayaweka kando ya jiko, akatoka pekupeku hadi kwenye banda tupu. Kandambili nyekundu zilikuwa pale mlangoni, zimepangwa sambamba, vumbi limeanza kuzikalia. Akaingiza mguu mmoja, halafu wa pili. Zilimwenea, hata kisigino kilibakiwa na nafasi.